Masikio yanalia: namna ya kuyalinda ku makelele na namna ya kuishi na mlio

Watu wengi wa Kisangani ambao walitunzwa malaria kwa kinini wanajua mlio huu. Ukianza dawa, masikio yanaanza kulia nziii, sawa nyenje wa pori, na watu wanaongea kama wako mbali. Dawa ikiisha, mara nyingi mlio nao unaisha. Lakini kuko watu ambao mlio wao haukuisha, na hawakunywa kinini. Ni makelele ndiyo yaliwaachia: ya kazi, ya nganda, ya kanisa, ama ya bunduki.

Mlio huo waganga wanauita akufeni. Wachunguzi wanakadiria kwamba duniani karibu mtu mzima 1 kati ya 7 anaujua. Unaweza kuwa nziii, shuuu, vuuu ama kipenga, ku sikio moja ama yote mbili. Si pepo, wala si kazi ya mchawi. Hauna maneno ndani yake. Kama unasikia sauti zinazokuambia maneno, hilo ni jambo lingine. Usilifiche, liongee na munganga.

Ndani ya sikio kunapita nini

Nyuma ya ngoma ya sikio kuko sehemu ndogo iliyojikunja sawa konokono. Ndani yake kuko chembe karibu 16 000 zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, vinywele vinainama sawa majani ku upepo, na chembe zinatuma habari ku ubongo.

Makelele makubwa yanavilaza vinywele hivyo. Ukipumzika, vingi vinasimama tena. Ndiyo maana ukitoka ku fete usiku masikio yanakuwa yameziba, na kesho mchana yanafunguka. Lakini ukirudilia kila juma, chembe zinakufa. Ngozi ikikatika inafunga, mfupa ukivunjika unaunga. Chembe hizi zikikufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ubongo ukikosa habari kutoka kwa chembe, unaongeza nguvu kuzitafuta. Ni sawa redio ambayo stesheni imepotea: unaongeza sauti, unasikia paka shuuu. Huo ndio mlio. Sauti nyembamba ndizo zinapotea kwanza: s, f, t, sauti za watoto. Mtu anaanza kusema: «Nasikia unaongea, lakini sielewi.» Nyumbani wanafikiri ana kiburi, kumbe ni masikio.

Hesabu ya makelele

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakiongea kawaida, ni karibu 60. Hatari ya kazi inaanza ku 85, na hapo saa zinahesabiwa. Kila mara desibeli 3 zinaongezeka, muda unakatwa mara mbili:

- desibeli 85: saa 8 kwa siku
- desibeli 88: saa 4
- desibeli 91: saa 2
- desibeli 94: saa 1
- desibeli 97: dakika 30
- desibeli 100: dakika 15

Huna chombo cha kupimia? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama lazima upige kelele ndiyo akusikie, mmefika 85 ama mmepita. Na kama masikio yanalia baada ya kutoka hapo, hiyo siku mlivuka mpaka.

Hapa kwetu, nani yuko ku hatari

Zamani mjini ilikuwaka toleka nyingi, na kinga haina injini. Leo moto zimejaa. Umeme wa barrage ya Tshopo ukikatika, grupu zinawaka kila parcelle, kutoka Makiso mpaka Mangobo. Hayo yanachosha, yanakatisha usingizi. Lakini wenye kuharibika masikio zaidi ni wale wanaoshinda karibu kabisa na chanzo:

- Wenye kupasua mbao ku pori za Bafwasende, Banalia ama Ubundu. Tronsonezi inaweza kufika desibeli 110. Bila kinga, hapo dakika 2 tu zinatosha kumaliza hesabu ya siku nzima.
- Wenye kusaga muhogo na mahindi ku mashini, na wenye menizeri.
- Mekanisie wa balenieri. Njia ya mto mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1 700, na yeye analala pembeni ya injini ya mazutu.
- Wanamuziki, wapiga ngoma ku kanisa, wenye kusimamia sonorizasyo, na wahudumu wa nganda.
- Watoto wanaobebwa mgongoni mbele ya bafle, ku matanga ama ku mkesha wa maombi.

Mlipuko hauhesabiwi kwa saa. Sauti inayopita desibeli 140, sawa risasi ama bombe, inaweza kuharibu sikio kwa mara moja. Kisangani tunajua: kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana ndani ya mji wetu, maelfu ya obusi zikaanguka juu ya kartie. Mtu mzima wa hapa anayesikia mlio tangu wakati ule hajidanganyi. Amwambie munganga jambo hilo, litamsaidia kuelewa chanzo.

Namna ya kujilinda

*Songa mbali.* Hii haina bei. Ku nafasi wazi, ukitoka metre 1 na kusimama metre 2 kutoka ku bafle, unapunguza desibeli 6 hivi. Kwa hesabu yetu ya juu, saa 1 inakuwa saa 4. Grupu nayo iwekwe nje, mbali na dirisha; moshi wake unaua ndani ya nyumba.

*Punguza muda.* Mpiga ngoma na mwenye kusaga wabadilishane na wenzao. Ukitoka ku makelele, patia masikio mapumziko ya saa nyingi.

*Ziba vizuri.* Pamba kavu inapunguza kidogo tu, inakudanganya. Tafuta vizibo vya masikio vya mpira laini ama kaske ya kuzuia makelele. Kuweka kizibo: osha mikono, kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia karibu sekunde 30 kivimbe. Sauti yako ikikuwa nzito kichwani, umeweka vizuri.

*Ku telefoni na ekuteri,* usipite asilimia 60 ya sauti. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema desibeli 80 kwa saa 40 ku juma ndiyo kipimo.

*Ku nganda na ku kanisa,* OMS ilitoa kanuni ku mwaka 2022 kwa nafasi za muziki: wastani usipite desibeli 100 ndani ya dakika 15, na kuwe pahali pa utulivu pa kupumzisha masikio. Papa pasta, ama patron wa nganda, anaweza kuanza na kitu chepesi: bafle zipandishwe juu ya vichwa, viti vya watoto viwe nyuma.

Mfanyakazi ajue pia kwamba Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inadai patron alinde afya na usalama ku kazi. Kuomba kaske si kumtukana patron.

Kama mlio umekwisha kuja

Anza ku kituo cha afya waangalie ndani ya sikio. Pengine ni uchafu ulioziba tu, ama usaha, na hayo yanatunzwa. Usiingize kijiti, petroli wala mafuta ya moto. Sema dawa zote unazokunywa. Kinini na aspirini nyingi zinaleta mlio ambao mara nyingi unapita. Gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu kwa siku zote. Lakini usikatishe dawa peke yako: malaria inaua, mlio hauui.

Kama chanzo ni makelele ya zamani, hakuna kidonge kinachouponya. Mwenye kukuuzia chupa ya «dawa ya masikio» ku barabara anakula franga zako. Kitu ambacho kinawezekana ni ubongo uzoee, mlio usiwe tena bwana wa nyumba. Kwa watu wengi inafika, kidogo kidogo, kwa miezi.

- Usiku, usikae ndani ya kimya kabisa. Acha redio sauti ya chini, ama vantilatere. Mvua juu ya mabati inasaidia pia.
- Usizibe masikio siku nzima. Ziba paka ku makelele makubwa.
- Hasira, hofu na kukosa usingizi vinaongeza mlio. Tembea, pumzika, eleza nyumbani kile unasikia.
- Kama huzuni inakushinda, tafuta saikologe. Mazungumzo ya kujifunza kuangalia mlio kwa njia nyingine ndiyo yalionyesha matokeo mazuri zaidi ku uchunguzi.
- Kama kusikia nako kumepungua, chombo cha kusikilia kinaweza kupunguza mlio.

Usingoje

Kimbia kwa munganga, naye akutume kwa munganga wa masikio, pua na koo (ORL), kama:

- kusikia kumekatika ghafula, ndani ya siku 3 ama chini. Dawa inasaidia zaidi siku za kwanza;
- mlio uko ku sikio moja tu, ama unapiga pamoja na moyo;
- unasikia kizunguzungu kikali, ama uso umelegea upande mmoja;
- usaha ama damu inatoka, ama uliumia kichwa.

Na kama nyumbani kuko mtu ambaye masikio yake yanalia, usimwambie ni mawazo yake. Ukitaka kuongea naye, zima redio kwanza, simama mbele yake aone midomo yako, ongea polepole. Usipige kelele.