Ukali wa Gome la Muthiga

Katika msitu wa Karura, jijini Nairobi, humea mti ambao Wakikuyu huuita muthiga. Gome lake likitafunwa huwasha kinywa kama pilipili. Vizazi vingi vimelitafuna kutuliza jino, kikohozi na maumivu ya tumbo. Hata hivyo, sayansi ilikuja kuueleza ukali huo katika miaka ya 1970, na kilichoiongoza kufika huko ni kiwavi.

Mwaka wa 1967, mtaalamu wa wadudu Thomas Odhiambo aliandika katika jarida la Science akihimiza Afrika Mashariki iwekeze katika sayansi itakayoleta maendeleo. Miaka mitatu baadaye alianzisha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kilichoanza kazi katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na Westlands. Mmoja wa wakurugenzi wake wa utafiti alikuwa Koji Nakanishi, mkemia Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Swali walilolishughulikia ni la mkulima: viwavijeshi, wanaofyeka mahindi na malisho kwa siku chache, watazuiwa na nini? Nakanishi na mkemia mwenzake, Isao Kubo, waligeukia mimea. Katika jaribio la aina hiyo, vipande vya jani hupakwa dondoo la mmea, vingine huachwa vitupu, kisha kiwavi huachiwa achague. Dondoo likimkataza kula, hutenganishwa sehemu baada ya sehemu, na kila sehemu hujaribiwa upya mpaka ipatikane kemikali inayohusika.

Kutoka kwa muthiga na jamaa zake walipata warburganali, iliyotangazwa mwaka wa 1976, na muzigadiali mwaka uliofuata. Kila molekuli ina kaboni 15 katika kiunzi chake na makundi mawili ya aldehaidi yaliyokaribiana. Ukali unaouchoma ulimi wa mtu unatokana na makundi hayo hayo yanayomfanya kiwavi asusie jani.

Mti ulikuwa wa hapa, na mdudu alikuwa wa hapa. Lakini kuchora umbo la molekuli kulihitaji mitambo ghali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Columbia.

Pengo hilo liliwasukuma wakemia wa kanda hii kushikana mikono. Mwaka wa 1984 waliunda NAPRECA, mtandao wa watafiti wa kemia ya mimea na viumbe wa Afrika Mashariki na Kati, unaoandaa makongamano na mafunzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa wakemia kama Jacob Midiwo, aliyewahi kuuratibu, na Abiy Yenesew. Mwendo mfupi kutoka Chiromo, Museum Hill, ipo Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka wa 1950. Sampuli zilizohifadhiwa humo humwezesha mkemia kuthibitisha mmea alionao mkononi. Akikosea mti, kemia yake yote huwa bure.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaiagiza serikali ilinde maarifa asilia kuhusu mimea, na sheria ya mwaka wa 2016 ikaongeza uzito. Agizo hilo lina haki nyuma yake. Waliotafuna gome walijua kabla ya maabara kwamba lina nguvu. Basi faida ya molekuli inayopatikana leo iwafikie wao pia, na uchambuzi wake ufanyike Nairobi. Mti nao ulindwe, kwa kuwa muthiga ukichunwa gome pande zote hukauka.