Jumla Iliyovuka Bahari

Ukitoka Msimbazi ukaingia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, maandishi yatakayokufuata duka hadi duka ni "Jumla na Rejareja". Neno jumla tulilipata kwa Waarabu, tukalipa kazi zaidi ya moja. Kwa mwalimu wa hesabu ni jibu la kujumlisha. Kwa mwenye duka la kanga ni mzigo unaotoka kwa robota, si kwa doti.

Mwaka 2005 neno hilohilo liliingia katika historia ya tovuti. Wakati huo tovuti nyingi ziliendeshwa kwa Mambo, programu huria iliyozaliwa kwenye kampuni ya Miro, Australia. Agosti 17, waandishi wake wakuu walijitoa, wakiona kwamba taasisi mpya ya kuisimamia imeipa kampuni nguvu kupita kiasi. Leseni iliwaruhusu kuondoka na msimbo, lakini jina walilazimika kuliacha. Septemba 1 wakatangaza jina jipya: Joomla. Ni jumla yetu hii, imeandikwa hivyo ili anayesoma Kiingereza aitamke ipasavyo, nao waliifasiri "wote kwa pamoja". Toleo la kwanza lilitoka mwezi huohuo.

Walirithi wazo lililokuwa limegharimu jasho la wengine. Zamani rangi na ukubwa wa herufi viliandikwa ndani ya kila ukurasa, hivyo mwenye kurasa mia akitaka kubadili rangi alizifungua zote mia. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, alipendekeza CSS: maagizo ya mwonekano yakae kwenye faili lake peke yake. Mwaka uliofuata Brendan Eich aliandika JavaScript, lugha ya skripti, kwa siku kumi, kurasa zikaanza kujongea. Joomla iliviweka vyote kwenye kiolezo, yaani folda yenye index.php inayopanga kipi kikae wapi, CSS na skripti. Makala na bei za bidhaa hubaki kwenye hifadhidata. Unapaka ukuta wa duka rangi mpya, mzigo stoo haujaguswa.

Hapa ndipo mafundi wengi walipoumia. Fundi anafungua template.css ya kiolezo kilichokuja na programu, anageuza bluu kuwa kijani, mteja anaridhika. Mwezi unaofuata sasisho linaandika juu ya faili lile, na bluu inarudi. Kazi ya usiku kucha imepotea, na lawama ni zake.

Dawa imo katika Joomla 4, iliyotoka Agosti 17, 2021, miaka 16 kamili tangu siku ya kujitoa. Kiolezo chake, Cassiopeia, kinatafuta faili liitwalo user.css; ukiweka kijani chako humo, sasisho halikigusi. Faili jingine, joomla.asset.json, linaorodhesha kila CSS na skripti na kueleza ipi inategemea ipi, ili inayotegemewa itangulie. Toleo la 4.1, mwaka 2022, likaleta kiolezo mtoto, kinachorithi kila kitu kwa mzazi isipokuwa kile ulichokibadili mwenyewe.

Kiswahili nacho hakikuachwa. Toleo la 4.0 lilipewa jina Furaha, 4.1 Kuamini, 4.2 Uaminifu, 4.3 Bora. La 4.4, lililotoka Oktoba 17, 2023, linaitwa Pamoja.