Goma: juu ya nini maiti haiguswe mbele ya OPJ kufika

Mtu akipigwa risasi usiku hapa Goma, asubuhi avenyi yote iko pale: majirani, watoto, wenye simu za kupiga picha. Mmoja anafunika maiti na kitenge, mwingine anaokota maganda ya risasi kusudi watoto wasiyachezee. Ni huruma, lakini hapo njo uchunguzi unaanza kuharibika.

Kisheria, kazi ya kwanza ni ya afisa wa polisi ya upelelezi, yule tunaita OPJ. Anafunga mahali, anaandika PV ya vile alikuta mambo, anajulisha parke. Kama mshukiwa ni mwanajeshi, faili inaenda kwa oditora ya kijeshi. Daktari naye anapima maiti akiisha kupata barua ya kumwomba afanye hivyo.

Vitu vinapigwa picha mbele ya kuokotwa, kwanza toka mbali, kisha karibu na rula pembeni. Kwetu kuna shida ya ziada: chini ni mawe meusi ya volkano. Ganda la risasi linapotelea kati ya mawe, na mvua ya saa moja tu inaosha damu. Nguo yenye damu inakaushwa, inawekwa ndani ya bahasha ya karatasi, si sashe, kwani ndani ya plastiki damu inaoza. Juu ya bahasha wanaandika nani aliokota, wapi, saa ngapi, na nani alipokea. Jina moja likikosa, avoka wa mshtakiwa ataliona.

Maiti pia inasema. Moyo ukisimama, damu inashuka upande wa chini na kuacha alama za zambarau. Baada ya masaa mengi alama zile hazihami tena. Zikiwa mgongoni na mtu amekutwa amelala kifudifudi, basi aligeuzwa ao alihamishwa.

Tarehe 22 Februari 2021, karibu na Kibumba, waliuawa balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Watu walijiuliza kama wale Waitaliano walipigwa risasi makusudi wakiwa wameshikwa. Maiti zao zilipasuliwa Roma siku mbili baadaye: kila mmoja alipigwa risasi mbili, na haikuonekana kwamba walinyongwa kwa risasi za karibu. Aprili 2023 korti ya kijeshi Kinshasa ilihukumu watu sita kifungo cha maisha.

Linganisha na tarehe 30 Agosti 2023 hapa mjini, wakati wanajeshi waliua waumini waliotaka kuandamana kupinga MONUSCO. Video ilionyesha miili ikiburutwa na kutupwa ndani ya lori. Serikali ilisema wafu 43, hesabu ikapanda baadaye. Lori likiisha kuondoka, nani ataonyesha kila mmoja alianguka wapi? Oktoba ile Kanali Mike Mikombe alihukumiwa kifo, lakini kwa familia nyingi swali lile lingalipo.

OPJ akichelewa, zuieni watu wasipite, pigeni picha toka mbali, andikeni saa na majina ya waliofika wa kwanza. Na nguo za marehemu, mama, usizifue.