Muhuri na Gunia: Historia ya Uzoefu wa Kazi kwa Wanafunzi wa Biashara na Nafasi ya Bonde la Kilombero, 1953–2018

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya biashara nchini Tanzania hutakiwa kutumia sehemu ya masomo yake katika eneo la kazi. Hatua hiyo huitwa rasmi mafunzo kwa vitendo, na katika mazungumzo ya kila siku huitwa fildi. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa za likizo ndefu. Mwanafunzi husimamiwa na mtumishi wa taasisi iliyompokea, huandika kumbukumbu za kila siku, hutembelewa na mhadhiri, na mwishoni huwasilisha ripoti. Utaratibu huu umezoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa hauna historia.

Insha hii inafuatilia historia hiyo kwa kuihusisha na Ifakara na Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Hoja yake ni kwamba tangu mwaka 1974 mjadala haukuhusu tu iwapo msomi apate uzoefu wa kazi, bali pia nani mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba ameupata. Mamlaka hayo yalikabidhiwa kwa mwajiri mwenye ofisi na muhuri. Matokeo yake ni kwamba biashara kuu ya Ifakara, yaani mpunga na mchele, imebaki pembezoni mwa mafunzo ya watu wanaosomea biashara.

2.0 Kazi Kwanza, Masomo Baadaye: Mzumbe na Mgogoro wa 1966

Elimu ya uongozi na utawala mkoani Morogoro ilianza kwa watu waliokuwa tayari kazini. Shule ya serikali za mitaa iliyofunguliwa Mzumbe mwaka 1953 iliwafundisha machifu, makarani na watumishi wengine wa tawala za wenyeji. Hawa hawakuhitaji kutafutiwa uzoefu, kwa kuwa waliuleta darasani. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikapandishwa kuwa chuo kikuu. Katika safari hiyo, kundi la vijana waliotoka moja kwa moja sekondari lilizidi kukua, na uzoefu ambao awali ulikuwa mali ya mwanafunzi ukawa jambo la kupangwa na chuo.

Chuo Kikuu kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilikuwa na sura nyingine. Wanafunzi wake wengi walitoka shuleni wakiwa hawajaonja ajira. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao. Tukio hilo liliacha swali zito: je, msomi asiyewahi kufanya kazi pamoja na wananchi anaweza kuwatumikia? Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilijibu swali hilo kwa upande wa shule. Kwa upande wa chuo kikuu, jibu lilikuja miaka saba baadaye.

3.0 Azimio la Musoma na Mamlaka ya Mwajiri

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba kijana anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kwanza kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na kuleta mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama.

Azimio hilo lina mambo mawili yanayohusu mada hii. Kwanza, liliuweka uzoefu mlangoni mwa chuo kikuu na kuufanya sharti la kuingilia. Pili, lilimpa mwajiri kauli juu ya nani aendelee na masomo. Athari zake hazikuwa sawa kwa wote. Idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka ya kusubiri iliangukia wakati ambao jamii iliwatarajia waolewe na kuanza kulea. Sharti hilo lililegezwa kwa wanawake kabla ya muongo huo kwisha, na katika miaka ya 1980 likaondolewa kwa wote.

Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Biashara na Menejimenti. Sharti la Musoma lilipoondoka, mwanafunzi wa biashara alirudi kuwa kijana aliyetoka shuleni moja kwa moja, na mafunzo kwa vitendo yakabaki kuwa njia kuu ya kumkutanisha na kazi kabla ya kuhitimu. Miaka miwili ikawa wiki kadhaa, lakini saini ya mwajiri ilibaki palepale.

4.0 Bonde la Kilombero Kama Mahali pa Kazi

Katika zama za mashirika ya umma, bonde hili lilikuwa na waajiri wa aina ambayo Musoma iliifikiria. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ikipitia bondeni, na Ifakara ikapata stesheni. Umeme wa maji wa Kidatu ulianza kuzalishwa mwaka 1975. Shirika la Taifa la Usagishaji lilikuwa mnunuzi rasmi wa nafaka. Kila taasisi kati ya hizo ilikuwa na idara ya uhasibu, bohari, ofisa utumishi na muhuri.

Mageuzi ya uchumi yalibadili ramani hiyo. Biashara ya nafaka ilitoka mikononi mwa shirika la umma na kuingia kwa wafanyabiashara binafsi. Kiwanda cha sukari kilibinafsishwa mwaka 1998 na kuwa chini ya kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, na wakulima wa nje wa miwa waliuza mazao yao kupitia vyama vyao. Kwa mwanafunzi wa biashara, sukari ilibaki kuwa darasa linalosomeka. Malipo ya mkulima hutegemea uzito wa miwa na kiwango cha sukari kilichomo, kisha hukatwa gharama za kuvuna, kusafirisha na michango ya chama. Anayeweza kumweleza mkulima kwa nini fedha aliyopokea imepungua kuliko aliyotarajia amejifunza uhasibu wa gharama, mikataba na uongozi wa ushirika kwa pamoja.

5.0 Biashara Isiyo na Muhuri

Hali ya Ifakara mjini ni tofauti. Mpunga huvunwa kuanzia takribani mwezi Mei, na wakati vyuo vinafunga kwa likizo ndefu, maghala ya mashine za kukobolea huwa yanajaa. Mwenye mashine si mkoboaji tu. Huwatunzia wakulima na wachuuzi mpunga wao ili waje kukoboa kwake, huwakutanisha wauzaji na wanunuzi kutoka mijini, na wakati mwingine hukopesha. Mkulima hupima kila siku swali ambalo darasani huitwa usimamizi wa mtaji: auze sasa kwa bei ya mavuno alipe deni na ada, au asubiri bei ipande akibeba hatari ya panya, unyevu na mahitaji ya nyumbani. Gunia la lumbesa, linalojazwa kupita kipimo, ni somo la bei na haki kwa wakati mmoja.

Jamie Monson, katika utafiti wake kuhusu reli hiyo uliochapishwa mwaka 2009, ameonesha jinsi wakazi wa ukanda huu walivyoitumia treni ya kawaida kujenga biashara zao ndogo. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, limeondoa utegemezi wa kivuko kati ya Ifakara na upande wa Ulanga. Kwa kila badiliko la usafiri, hesabu za mfanyabiashara wa mchele hubadilika.

Hata hivyo, biashara hii haikidhi kwa urahisi fomu ya chuo. Fomu hudai jina la taasisi, cheo cha msimamizi na muhuri. Mwenye mashine anayeendesha shughuli kwa kumbukumbu za kichwani na daftari moja hana idara ya kumpangia mwanafunzi. Uzito wa jambo hili huonekana kwenye suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huhesabu mafunzo kwa vitendo miongoni mwa mahitaji yanayoweza kukopeshwa. Mwanafunzi asiyepata fedha hizo ana sababu kubwa ya kurudi nyumbani, asikolipia chumba wala chakula. Ikiwa nyumbani kwake ni Ifakara, atazunguka akiomba nafasi katika ofisi chache zenye muhuri, huku biashara kubwa ya mji ikiendelea pembeni yake.

6.0 Ulinganisho: Mafunzo ya Afya

Ifakara yenyewe inatoa mfano wa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapo maabara ya utafiti, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kuwafunza wahudumu wa afya vijijini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa karibu. Mji mdogo uligeuzwa mahali pa kufundishia kwa sababu maradhi ya bonde yalitambuliwa kuwa maarifa yanayostahili kusomwa pale yalipo. Biashara ya bonde haikupata utambuzi wa aina hiyo. Mgonjwa wa malaria wa Ifakara aliingia katika mtaala. Gunia la mpunga la Ifakara halikuingia.

7.0 Hitimisho

Azimio la Musoma lilitaka msomi aijue kazi kabla ya kuijua nadharia. Mafunzo kwa vitendo yamelirithi lengo hilo pamoja na udhaifu wake, yaani kumwachia mwajiri rasmi peke yake kauli ya mwisho. Historia ya Bonde la Kilombero inaonesha kwamba waajiri wa namna hiyo walikuwa zao la kipindi maalumu, na kwamba kipindi hicho kimepita kwa sehemu kubwa. Chama cha ushirika, umoja wa wenye mashine au ofisa biashara wa halmashauri anaweza kuwa msimamizi anayetambulika, iwapo vyuo vitakubali kwamba kinachopaswa kuthibitishwa ni kazi iliyofanyika, popote ilipofanyikia. Bila hatua hiyo, mtoto wa mkulima wa mpunga ataendelea kuhitimu shahada ya biashara akiifahamu mizania ya kampuni za mbali, bila kuweza kuandika ya ghala lililo jirani na kwao.