Kulima Mboga za Kipupwe Nyanda za Juu Kusini: Hesabu ya Siku na Kinga Dhidi ya Jalidi

Msimu wa kipupwe, unaoanza Juni hadi Agosti, huleta baridi kali katika maeneo ya miinuko ya Nyanda za Juu Kusini, hususan Njombe, Makete na baadhi ya maeneo ya Mbeya. Katika usiku usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi hupotea angani, na umande huganda juu ya majani. Hali hiyo huitwa jalidi. Usiku mmoja wa jalidi unaweza kuangamiza bustani iliyotunzwa kwa miezi mitatu, na kuinyima kaya mboga pamoja na kipato.

Mazao yanayostahimili baridi

Kabichi, sukuma wiki, karoti, spinachi na vitunguu saumu huhimili baridi. Karoti na sukuma wiki huongeza utamu, kwa kuwa mmea hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari ili kujikinga usigande. Njegere huvumilia baridi zikiwa changa, lakini maua na maganda yake huharibiwa na jalidi. Nyanya, pilipili hoho, matango, maboga na maharage hayahimili kabisa. Kwa viazi mviringo, majani huungua ilhali viazi vilivyofunikwa vyema na udongo husalimika.

Kuhesabu siku kurudi nyuma

Mkulima anashauriwa kuanza na tarehe anayotaka zao liwe limekomaa, kisha kuhesabu siku kurudi nyuma. Aongeze siku 14, kwa sababu ukuaji hupungua kadiri baridi inavyoongezeka. Kwa lengo la katikati ya Juni, makadirio ni haya:

- Kabichi: siku 35 kitaluni na siku 90 shambani. Mbegu zisiwe kitaluni baada ya mwisho wa Januari.
- Karoti: siku 100. Zipandwe moja kwa moja shambani ifikapo wiki ya tatu ya Februari.
- Njegere mbichi: siku 75. Zipandwe katikati ya Machi.
- Spinachi: siku 60. Ipandwe mwanzoni mwa Aprili.

Siku hizo hutofautiana kulingana na aina ya mbegu na mwinuko wa shamba. Hivyo, maelezo ya kwenye pakiti yazingatiwe.

Kuchagua eneo

Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kuelekea mabondeni. Kwa sababu hiyo vinyungu, ambavyo huwa na unyevu wakati wa kiangazi, ndivyo pia vinavyopigwa na jalidi zaidi. Mboga dhaifu zipandwe kwenye mteremko, na zile zinazostahimili baridi ziachwe bondeni. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Kinga na uvunaji

Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu. Kwa hiyo umwagiliaji ufanyike asubuhi au mchana, si jioni. Miche ifunikwe kabla ya jua kuzama kwa nyasi zilizowekwa juu ya chanja, au kwa kitambaa, na kufunuliwa asubuhi. Nailoni isiguse majani, kwani sehemu iliyoguswa huungua.

Mboga zilizoganda zisivunwe wala kushikwa hadi jua liyeyushe barafu. Mimea iliyoungua isikatwe mara moja. Isubiriwe kwa siku kadhaa ili kubaini sehemu zinazochipua upya.

Wananchi wanahimizwa kufuatilia utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kuwaona maafisa ugani wa kata zao mapema, kabla ya kununua mbegu.