Boksi la Filta na Urithi wa Waingereza

Honda, Yamaha au Kawasaki ya miaka ya 1970 inapofufuliwa siku hizi katika gereji za Ulaya na Marekani, kitu cha kwanza kung'olewa mara nyingi ni boksi la filta ya hewa. Boksi hilo lililofichwa chini ya kiti hutupwa, na nyuma ya kila kabureta huvishwa filta ndogo inayovuta hewa moja kwa moja kutoka nje. Ndipo huanza kazi ya kuzitega kabureta upya, kazi ambayo kwa wengi haina mwisho: injini inakohoa katika mwendo wa kati, asubuhi inagoma kuwaka, inakunywa petroli zaidi na haikimbii zaidi. Ukiuliza sababu ya kazi yote hiyo, jibu ni kwamba injini sasa inapumua. Jibu hilo lilikuwa sahihi wakati mmoja, kwa injini za aina fulani. Desturi hii ilianzia Uingereza kwenye pikipiki ambazo hazikuwa na boksi la hewa la kulitaja, ikapandishwa juu ya injini za Kijapani, lakini sababu zake zilibaki Uingereza.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 vijana waliokutana Ace Cafe, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular jijini London, waliiga kile walichokiona kwenye mashindano. Pikipiki iliyotamaniwa kuliko nyingi ilikuwa BSA Gold Star, na ile ya toleo la DBD34, iliyotoka mwaka 1956, ilifungwa kabureta ya Amal GP yenye koo la inchi moja na nusu na mdomo mpana wa tarumbeta usio na filta yoyote. Mdomo ule haukuwa pambo. Hewa inayopita kwenye ukingo mkali hujipinda na kujikwaa, ilhali kwenye ukingo uliopindwa taratibu huingia bila msukosuko, na ndiyo maana tarumbeta ilisaidia. Kwa upande wa petroli, mambo yalikuwa wazi pia. Ndani ya Amal waya wa mkono wa mafuta huvuta slaidi moja kwa moja, na sindano iliyoning'inia chini ya slaidi ndiyo inayopima petroli. Slaidi ikiwa chini karibu kabisa, jeti ndogo ya mwendo wa taratibu ndiyo yenye amri. Kuanzia robo hadi robo tatu ya njia, sindano. Juu ya hapo, jeti kuu. Hewa ikiongezeka, fundi alibadilisha jeti kuu, akapandisha sindano ngazi moja, akasoma rangi ya plagi, akamaliza. Kwamba Gold Star ya namna hiyo ilikuwa maarufu kwa kukataa kutulia kwenye taa za barabarani halikumsumbua mtu aliyeinunua ili ashinde. Wala vumbi halikuwasumbua sana, kwa kuwa injini ya mashindano hufunguliwa na kukarabatiwa muda mfupi tu baada ya mbio, na barabara za London zina lami. Barabara ya vumbi ya Afrika Mashariki ingeuzima mtindo huu katika msimu mmoja wa kiangazi.

Ace Cafe ilifungwa mwaka 1969, na mwaka huohuo Honda CB750 iliingia sokoni: silinda nne, sentimita za ujazo 736, kabureta nne za Keihin, kila moja na koo la milimita 28. Hapo ndipo desturi ilipohama. Kabureta za CB750 zilikuwa bado za slaidi, za ukoo mmoja na Amal katika jinsi zinavyofanya kazi, hivyo fundi aliyejifunza kwa Waingereza aliona anachokifahamu, isipokuwa mara nne. Lakini zilikuwa zimeunganishwa kwenye boksi moja la hewa, na boksi hilo lilikuwa limepimwa. Ujazo wa hewa iliyofungiwa pamoja na mrija wake una mawimbi yake, jambo lililoelezwa na mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19, na mhandisi anaweza kuchagua ujazo na urefu wa mrija ili wimbi la shinikizo liifikie valvu ya kuingizia hewa wakati inapofunguka. Aidha boksi huzipa silinda zote nne hewa tulivu ya chanzo kimoja. Ukilitoa, kila kabureta inabaki peke yake na upepo wa barabarani, na ile iliyo pembeni haipati hewa sawa na iliyo katikati.

Kwenye kabureta za slaidi hasara hiyo ilivumilika. Mgogoro wa kweli ulikuja na kabureta za utupu. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani ndugu wa familia ya Skinner huko Uingereza walilitumia kwenye kabureta ya SU mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, na Honda waliliweka kwenye CB450 ya mwaka 1965, kisha Yamaha wakaliweka kwenye XS-1 yao ya silinda mbili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 pikipiki nyingi kubwa za Kijapani zilikuwa nalo. Hapa mkono wa mwendeshaji haugusi slaidi. Unafungua valvu ya kipepeo tu. Slaidi hupandishwa na tofauti ya shinikizo kati ya utupu ulio juu ya kiwambo cha mpira na hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo ya chini huingia kwa vijitundu vilivyo kwenye mdomo wa kabureta, upande wa boksi. Kwa hiyo boksi la hewa ni sehemu ya kipimo chenyewe. Vua boksi, na shinikizo ambalo slaidi inalitumia kama rejeo linayumba kila upepo unapogeuka. Filta nyingine za bei rahisi zina ukingo mnene wa mpira unaoziba vijitundu hivyo, na slaidi hainyanyuki inavyotakiwa. Fundi anaongeza jeti kuu, halafu anaongeza tena, wakati ugonjwa hauko kwenye jeti.

Kuna pingamizi lenye uzito. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliweka viwango vya moshi kwa pikipiki kuanzia matoleo ya 1978, na masharti yakakazwa mwaka 1980. Viwanda vikapunguza petroli kwenye mchanganyiko, hasa katika mwendo wa taratibu, na skrubu za kurekebishia zikafunikwa kwa vizibo ili mwenye pikipiki asiziguse. Mtu anaweza kusema basi kwamba kiwanda kiliikaba injini ili kuiridhisha serikali, na mwenyewe ana haki ya kuifungulia. Sehemu ya hoja hii naikubali: injini nyingi za miaka hiyo zilihitaji petroli zaidi, na mafundi waliotoboa vile vizibo na kuinua sindano kidogo kwa kuweka washa nyembamba chini yake waliona nafuu ya kweli. Ila tiba hiyo ni ya petroli. Kuongeza hewa kwenye mchanganyiko ambao tayari una upungufu wa petroli ni kuukoleza upungufu uleule.

Pingamizi la pili ni la viwanja vya mashindano: pikipiki zilizoshinda miaka ile zilikuwa na midomo wazi. Ni kweli. Lakini injini ya mashindano huishi katika mzunguko wa juu, mkono ukiwa wazi kabisa, hali ambayo jeti kuu hutawala na kasoro za mwendo wa kati hazina pa kuonekana. Nao walewale waliotengeneza pikipiki za kasi hawakubaki na midomo wazi. Mwaka 1990 Kawasaki walitoa ZZR1100, bado ya kabureta za utupu, ikiwa na njia ya kuchota upepo kwa mbele na kuupeleka ndani ya boksi lililofungwa, ili shinikizo la mle ndani lipande kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa miaka kadhaa ilikuwa miongoni mwa pikipiki zenye kasi kubwa kuliko zote zilizouzwa madukani.

Inabaki sababu ambayo wachache huitaja waziwazi, nayo ni sura. Boksi likiondoka, panabaki pembetatu tupu chini ya kiti, na pengo hilo ndilo alama ya mtindo mzima. Macho yanapita upande hadi upande kama kwenye Gold Star. Sioni aibu yoyote hapo, mradi isiitwe uhandisi. Wanaofanikiwa kuendesha pikipiki za namna hii bila kukohoa mara nyingi hawahangaiki na jeti za kabureta za utupu. Huzitoa pamoja na boksi, wakafunga Keihin CR au Mikuni RS, ambazo slaidi yake inavutwa na waya wa mkono kama ilivyokuwa kwenye Amal.