Nani Achore Ramani ya Joto la Mji?

Ukisikiliza utabiri wa hali ya hewa jioni, utaambiwa kesho Dar es Salaam itakuwa na joto la nyuzi 32. Sote tunaitikia, kisha tunasubiri habari za michezo. Leo, ndugu wasomaji, naomba tusimame hapo kidogo tuulizane: Dar es Salaam ya wapi? Ya Masaki yenye bustani na upepo wa bahari, au ya Manzese, katika chumba kimoja chini ya bati ambamo baba, mama na watoto wanne wamelala? Kipimajoto rasmi kiko uwanja wa ndege, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani. Ndivyo taratibu za hali ya hewa duniani zinavyotaka, na sina ugomvi nazo. Lakini hakuna mwananchi anayelala ndani ya kisanduku kile.

Swali hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza mmoja, Luke Howard, alikuwa akipima hali ya hewa kila siku nje ya London na kulinganisha na vipimo vilivyochukuliwa katikati ya mji. Kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa, lakini ndiye pia aliyeyapa mawingu majina yanayotumiwa na wataalamu mpaka leo. Mwaka 1818 alianza kuchapisha kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London. Alikuta kwamba usiku mji ulikuwa na joto zaidi kuliko mashamba yanayouzunguka, kwa wastani wa karibu nyuzi 2 za Sentigredi.

Sababu zake leo zinajulikana. Ukuta wa saruji na barabara ya lami hunywa jua mchana kutwa, na usiku huliachia polepole. Uchochoro mwembamba hauioni mbingu vizuri, kwa hiyo joto halipati njia ya kutokea. Ardhi yenye miti hutoa mvuke wa maji, na mvuke ule hupoza hewa. Ardhi iliyosakafiwa haina cha kutoa. Ndiyo maana joto la mji haliwi moja. Hubadilika mtaa kwa mtaa, kwa kufuata namna nyumba zilivyojengwa.

Na namna nyumba zilivyojengwa ni historia, tena historia yenye wenyewe. Serikali ya Wajerumani ilitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, ikaugawa mji kwa aina za majengo: huku nyumba za Kizungu, huku nyumba za vifaa vya kudumu, kule vibanda vya miti na udongo. Waingereza walipoingia wakaendeleza mtindo huo kwa kanda tatu. Kwenye karatasi, sheria ilizungumzia majengo; haikuwa lazima itaje rangi ya mtu. Lakini wananchi waliijua tafsiri yake, wakaziita kanda zile kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja ili uwatenge watu. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa, miti na upepo wa bahari. Uswahilini nyumba zilibanana. Kalamu ya mkoloni iligawa watu, na kwa kufanya hivyo iligawa pia vivuli.

Asidhani mtu kwamba nakuza mambo. Nchini Marekani, katika miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyoonwa kuwa ni hatari kuikopesha. Mingi ilikuwa ya watu weusi. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya kuichunguza miji 108 ya nchi hiyo kwa vipimo vya setilaiti. Walikuta kwamba mitaa iliyopakwa nyekundu ilikuwa na joto la ardhi kubwa kuliko mitaa mingine, kwa wastani wa nyuzi 2.6. Waliochora walishakufa zamani, lakini mistari yao bado inachoma.

Sasa wataalamu wanachora kanda upya, na safari hii ni kanda za hali ya hewa. Mwaka 2012 Iain Stewart na Tim Oke, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walitoa mpangilio wenye mafungu 17. Kumi ni ya majengo, nayo yamepewa namba 1 hadi 10. Saba ni ya ardhi, kama vile msitu, majani, mchanga na maji, nayo yamepewa herufi A hadi G. Hawakuuliza mtaa ni wa nani. Waliuliza majengo yana urefu gani, yamebanana kiasi gani, yamejengwa kwa vifaa gani, na kati yake kuna lami au kuna majani. Majumba marefu yaliyobanana ni namba 1. Nyumba fupi zilizoachana, zenye miti katikati, kama zile za Oysterbay, ni namba 6. Namba 7 ni nyumba fupi za vifaa vyepesi zilizobanana: mbao, makuti, bati. Mkazi wa namba 7, ndugu msomaji, unamfahamu.

Mwaka huohuo wa 2012 wataalamu wa hali ya hewa ya miji walikutana Dublin, na kutokana na mazungumzo yao akina Gerald Mills, Jason Ching na Benjamin Bechtel wakaanzisha mpango uitwao WUDAPT wa kuichora miji ya dunia kwa mafungu hayo. Njia yao si ngumu kuielewa. Mtu hukaa mbele ya kompyuta, hufungua picha ya mji ilivyopigwa kutoka angani, na kuzungushia mstari mitaa michache anayoijua: hapa namba 3, hapa namba 6, hapa mikoko. Kisha kompyuta hupewa picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani imekuwa ikizitoa bure tangu mwaka 2008. Inajifunza kila fungu lina sura gani, halafu inaukisia yenyewe mji uliobaki. Watu wa kujitolea walileta alama za miji mingi, na mwaka 2022 ikatoka ramani ya dunia nzima, kila kipande cha mita 100 kwa 100 kikiwa na fungu lake. Dar es Salaam imo. Mombasa imo. Bujumbura imo.

Hapa ndipo kilipo kiini cha mazungumzo yangu. Kompyuta ile ni mwanafunzi, haijui ila ilichofundishwa. Watafiti wa mpango huo walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Watu mbalimbali walipewa mji uleule, kila mmoja aweke alama zake. Ramani zilitofautiana sana. Ya mtu mmoja peke yake mara nyingi ilikuwa dhaifu, ila alama za watu wengi zilipounganishwa, ramani ikawa bora zaidi. Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Setilaiti nayo ina mipaka yake. Landsat moja hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 16, tena asubuhi, yapata saa nne. Inaona paa, haioni chumba. Haipo saa nane za usiku mtoto anapolia kwa joto. Zaidi ya hapo, bati jipya linalong'aa hutoa mionzi michache ya joto, kwa hiyo kipimo cha angani kinaweza kulidhania ni la baridi, na huku aliye chini yake anaokwa.

Waliopima chini wamekuta nini? Katika msimu wa joto wa 2015 kuingia 2016, watafiti waliweka vipimajoto vidogo Kibera, Mathare na Mukuru, jijini Nairobi, wakalinganisha na kituo rasmi cha Dagoretti. Mitaa ile ilikuwa na joto zaidi ya kituo. Nyuzi zilizosomwa redioni hazikuwa zao.

Watu wa kuchora tunao. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale waliichora Tandale yao. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi na wananchi katika kata nyingi za Dar es Salaam kuchora nyumba, mifereji na mahali maji yanapofika mvua ikinyesha. Ile ilikuwa kazi ya mafuriko. Macho yaleyale yanaweza kutueleza habari za joto.

Nina hofu moja. Kanda za mwaka 1891 nazo zilidai kutazama majengo tu. Namba 7 imewekwa kuwa kipimo cha hewa, lakini ikifika kwa mwenye tingatinga inaweza kusomwa kama hukumu kwamba vibanda hivi viondoke. Kwa mtu mwingine karatasi hiyohiyo itasomeka hivi: hapa ipandwe miti, hapa uachwe uwanja, mapaa haya yapakwe rangi nyeupe, zahanati hii ijiandae kabla ya Februari. Hilo huamuliwa na waliokaa mezani wakati ramani inachorwa, na wakati inafunguliwa.

Basi, rai yangu kwa halmashauri zetu ni hii. Ramani hizi zikiletwa, zisiingizwe kabatini wala zisikabidhiwe mkandarasi kimyakimya. Zibandikwe ukutani katika ofisi za serikali za mitaa. Mama lishe, fundi, mwalimu na mzee wa mtaa wapewe kalamu waseme wapi pamekosewa. Kisha vipimajoto viwekwe ndani ya vyumba wanamolala watu, usiku, mwezi wa Februari.